Karte mpya ya wifi ikikataa katika mashini ya zamani: usikimbilie kuiuza

Butembo, Kivu ya Kaskazini – Mpwa wangu alinipigia simu siku ya kwanza jioni, sauti ikitetemeka. Mashini yake, kompyuta ya mkononi aliyonunua kwa okazio alipoanza chuo kikuu, ilikuwa imesimama kwenye kioo cheusi chenye mistari miwili ya Kiingereza. Windows haikufunguka. Ndani yake mlikuwa TFC yake, kurasa zaidi ya hamsini, na yalibaki majuma mawili tu mbele ya siku ya kuitoa.

« Mujomba, fundi anasema karte mère imeungua. Anataka kuninunua mashini kwa dola makumi tatu, atoe vipande. »

Nilimuuliza ilianza namna gani. Wifi ilikuwa imepotea juma moja mbele. Fundi wa kwanza alitambua vizuri kwamba karte ya wifi imekufa, akamuuzia nyingine kwa dola 12, akaifunga kwa visi yake, akawasha. Hapo ndipo kioo kilikuwa cheusi.

Nilimwomba jambo moja: amwambie fundi atoe ile karte mpya, afunge mashini bila karte yoyote, kisha awashe. Dakika kumi baadaye akanipigia tena. Windows ilikuwa imefunguka, TFC ilikuwa mahali pake, hakuna kilichoungua. Mashini ilikuwa nzima. Ilikuwa inakataa karte tu.

Ninaandika habari hii kwa sababu kisa cha mpwa wangu si cha mtu mmoja. Hapa kwetu mashini nyingi za wanafunzi, za maofisi madogo na za maduka ya kuchapisha ni za okazio. Zinatoka Ulaya, Dubai ao Asia, zinapita Kampala na kuvuka mpaka Kasindi, nyingi zikiwa tayari na miaka kumi ao zaidi. Katika mashini za namna hiyo, karte ya wifi ni moja ya vipande vichache ambavyo mtu anaweza kubadilisha kwa pesa kidogo. Lakini karte mpya ikikataa, wengi wanaambiwa haraka kwamba mashini yote imekwisha. Mara nyingi si kweli. Kuna sababu tano ao sita, na zinafuatana. Ukizichunguza kwa mpango, kuanzia ile isiyogharimu kitu, utajua kama shida ni ya karte, ya mashini, ao ya mkono wa yule aliyeifunga.

Mashini inasimama mbele ya Windows

Tuanze na kisa cha mpwa wangu, maana ndicho kinachotisha zaidi.

Mbele Windows haijaamka, kuna programu ndogo ndani ya mashini inayoamka ya kwanza. Mafundi wanaiita BIOS. Inahesabu vipande vyote: batri, diski, klavie, karte. Katika mashini nyingi za zamani, kampuni zilizotengeneza ziliweka ndani ya BIOS orodha ya karte za wifi zinazokubaliwa. Karte isiyo katika orodha hiyo, hata kama ni mpya na nzima kabisa, inakataliwa, na mashini inasimama palepale.

Wenye ThinkPad za zamani wanaifahamu namba 1802, ambayo inakuja pamoja na maneno ya kusema karte hairuhusiwi, zima mashini na uitoe. Wenye HP za miaka ile wanaifahamu namba 104, yenye maana ileile. Mtu asiyesoma Kiingereza anaona kioo cheusi tu, na anaamini mashini imekufa.

Kampuni zilieleza kwamba sababu ni sheria za redio. Marekani kwa mfano, serikali kupitia ofisi yake ya mawasiliano, FCC, inakagua karte pamoja na antena zake kama kitu kimoja. Kampuni haikutaka kuulizwa juu ya karte ambayo yenyewe haikuikaguza. Wateja wengi walijibu kwamba orodha ile inawalazimisha kununua kipande cha kampuni ileile kwa bei ya juu. Vyovyote iwavyo, orodha iko ndani, na mnunuzi wa okazio wa Butembo, Bunia ao Bukavu hakuambiwa kitu.

Dawa yake ni rahisi. Kwanza, zima mashini, toa karte mpya, washa. Kama inaamka vizuri, basi umekwisha kujua: mashini ni nzima, shida ni orodha. Pili, tafuta karte iliyo katika orodha. Kampuni nyingi zinaandika namba ya kipande kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya karte. Kwenye ThinkPad namba hiyo inatanguliwa na herufi FRU. Kwenye HP ni SPS. Kitabu cha matengenezo cha kila mashini, ambacho kampuni hizo zinakitoa bure kwenye intaneti, kinataja namba zote zinazokubaliwa kwa mashini hiyo.

Angalia vizuri hapa: karte mbili zinaweza kuwa za kiwanda kimoja, zenye jina lilelile, lakini moja ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni yako na nyingine ikauzwa sokoni kwa watu wote. Ya kwanza inakubaliwa, ya pili inakataliwa. Jina peke yake halitoshi. Namba ndiyo inaamua.

Sisi tulipata karte kwa fundi wa pili, mzee mmoja ambaye anatunza mashini zilizokufa katika sanduku chini ya meza. Alichukua mashini ya mwaka mmoja na ile ya mpwa wangu, kioo chake kilikuwa kimepasuka, akatoa karte yake. Alitulipisha dola 5. « Dada, mashini iliyokufa ni duka », alimwambia mpwa wangu, akicheka.

Usikubali mtu akugeuzie BIOS

Fundi mmoja kijana alitupendekezea njia nyingine: kuandika upya BIOS kwa faili iliyobadilishwa, ambayo orodha imefutwa ndani yake. Faili za namna hiyo zipo, na kuna watu wanaofaulu. Lakini mashini ikizimika katikati ya kazi hiyo, BIOS inabaki nusu nusu, na mashini haitaamka tena bila kifaa maalum cha kuandika moja kwa moja kwenye chipu. Katika mji ambamo umeme unaweza kukatika wakati wowote, na kwa mashini yenye batri iliyochoka, hiyo ni kucheza kamari na kitu chenye TFC yako ndani. Kwa tofauti ya dola 5, haifai.

Namna ya kufungua bila kuharibu

Mbele ya kushika turnevisi, nakili kazi yako yote kwenye ufunguo wa USB ao kwenye diski ya mtu unayemwamini. Fanya hivyo hata kama fundi anakuambia ni kazi ya dakika tano.

Kisha zima mashini kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja. Toa batri, kwenye mashini nyingi za zamani inatoka kwa kusukuma vifungio viwili chini. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa kitu cha chuma mbele ya kugusa karte, maana mkono uliojaa umeme wa nguo unaweza kuua chipu bila wewe kuona cheche.

Chini ya kifuniko utaona karte ndogo yenye nyaya mbili nyembamba zilizobanwa juu yake, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe. Piga picha kwa simu mbele ya kuchomoa chochote. Picha hiyo itakusaidia kuliko kumbukumbu yako.

Je, karte inaingia kweli?

Karte za wifi za mashini za zamani ni za aina iitwayo Mini PCI Express. Kuna ndefu, karibu milimita 30 kwa 51, na kuna fupi, karibu milimita 30 kwa 27. Karte fupi inaweza kufanya kazi katika nafasi ndefu, lakini matundu ya visi hayatalingana. Inahitaji kipande cha chuma cha kuirefusha, ama sivyo itainuka upande mmoja na meno yake hayatagusa vizuri. Karte ndefu haiingii katika nafasi fupi.

Mashini za kisasa zaidi zinatumia aina nyingine, M.2, yenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Hiyo haiingii kabisa katika nafasi ya Mini PCI Express, na hata vibano vya nyaya zake ni vidogo zaidi. Ukiona muuzaji anakulazimishia kwa kusema « itaingia tu », ondoka.

Hata kati ya M.2 kuna mtego. Chukua karte mbili za Intel: AX200 na AX201. Zinafanana machoni, na majina yanatofautiana kwa namba moja. Lakini AX201 ni nusu ya karte tu. Nusu nyingine iko ndani ya chipu za Intel za miaka ya karibuni. Ukiitia katika mashini ya zamani, ao katika mashini ya AMD, haitaonekana kamwe. AX200 haina shida hiyo. Watu wengi wamerudisha AX201 wakisema imekufa, kumbe haikuwa na mwenzake wa kuzungumza naye.

Mashini inaamka, lakini wifi haipo

Sasa tuseme mashini imekubali karte na Windows imefunguka. Chini kulia hakuna alama ya wifi. Mambo manne ya kuangalia, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni swichi. Mashini nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma pembeni ao mbele, ya kuzima redio zote. Nyingine zina kitufe chenye alama ya antena ao ya ndege, cha kubonyeza pamoja na Fn. Fundi akishika mashini kwa nguvu anapoifungua, swichi ya pembeni inasogea bila yeye kujua. Angalia pia kama « Mode avion » haijawashwa ndani ya Windows.

La pili ni BIOS. Ndani yake mara nyingi kuna ukurasa unaoweza kuzima karte ya wifi. Mwenye mashini wa kwanza, labda ofisi fulani ya Ulaya, angeweza kuizima kwa usalama wake miaka mingi iliyopita.

La tatu ni kuona kama Windows inaitambua karte. Fungua « Gestionnaire de périphériques ». Kama huoni karte mpya popote, hata chini ya « Autres périphériques », basi haijagusa vizuri, ao haifai kwa mashini hiyo, ao imekufa kweli. Zima, itoe, futa meno yake polepole kwa kitambaa kikavu na safi, irudishe kwa kuinama kidogo kisha uilaze na kufunga visi. Nusu ya karte « zilizokufa » ambazo yule mzee alituonyesha, alisema, ziliamka kwa kutolewa na kurudishwa tu.

La nne ni pilote, yaani programu ndogo inayoiongoza karte. Kama karte inaonekana na alama ya manjano ya pembetatu, iko hai, inakosa pilote. Windows ikitoa kode 28, maana yake hakuna pilote. Kode 10 maana yake karte imeshindwa kuanza, na mara nyingi pilote iliyopo si yake.

Hapa wengi wanakwama: ili kupata pilote unahitaji intaneti, na ili kupata intaneti unahitaji pilote. Lakini simu yako ya Android inaweza kukata fundo hilo. Iunganishe na mashini kwa kamba ya USB, kisha katika simu washa kushirikisha koneksio kwa USB. Mashini itapata intaneti kupitia kamba, bila wifi. Zima kwanza kujisasisha kwa Windows, ama sivyo itakula forfe yako yote mbele ya wewe kupata faili ya pilote.

Na utajuaje ni pilote ipi? Bonyeza mara mbili juu ya karte, nenda kwenye « Détails », tafuta orodha ya namba za kitambulisho. Utaona herufi VEN zikifuatwa na alama nne. 8086 ni Intel. 10EC ni Realtek. 14E4 ni Broadcom. 168C ni Atheros. Baada yake kuna DEV na alama nyingine nne, ambazo zinataja karte yenyewe. Kwa namba hizo mbili, hakuna haja ya kukisia. Pakua pilote kutoka kwa kampuni iliyotengeneza mashini ao karte, si kutoka kwa programu zile zinazoahidi kusasisha kila kitu. Nyingi zinaleta takataka.

Jua pia kwamba karte mpya sana haipatani na Windows ya zamani sana. Intel haikutoa pilote ya AX200 kwa Windows 7. Kama bado unatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tangu tarehe 14 Januari 2020, chagua karte ya wakati wake, kama Intel 7260. Kwa wale wanaotumia Linux, andika « rfkill list » katika dirisha la amri. Itakuambia kama karte imezimwa na programu ao na swichi ya mashini. Na kwa AX200, Linux yako inahitaji kiini cha 5.1 ao zaidi.

Wifi ipo, lakini inaona jirani tu

Mashini ya mpwa wangu ilipokubali karte ya dola 5, tulifurahi mapema. Mezani kwa fundi, karibu na ruta, wifi ilikuwa na nguvu. Nyumbani, chumba kimoja mbali na ruta, hakuna kitu.

Karte ya wifi haina antena yake. Antena ziko ndani ya kifuniko cha kioo, juu ya kioo ao pembeni yake, na zile nyaya nyeusi na nyeupe zinapita katika bawaba kwenda kuzifikia. Bila nyaya hizo, karte inasikia mita chache tu. Kwa hiyo mtu akiwa karibu na ruta anaona kila kitu kiko sawa.

Tulifungua tena. Waya mweusi ulikuwa umelala juu ya kibano chake bila kukamatwa. Unatakiwa kuwekwa wima kabisa juu ya kibano, kisha kubonyezwa kwa ncha ya kidole mpaka usikie tik. Usilazimishe kwa turnevisi: vibano hivyo ni vyepesi, na mtengenezaji wa aina inayojulikana zaidi, Hirose, anahesabu kufunga na kufungua mara 30 tu katika maisha yake yote. Kila mara unapofungua bila sababu, unakula akiba hiyo.

Mara nyingi karte inaandika nafasi kuu 1 ao MAIN, na nafasi nyingine 2 ao AUX; usiamini rangi ya waya peke yake, rudisha kila waya mahali ulipokuwa katika picha uliyopiga. Kama mashini yako ina waya wa tatu na karte mpya ina nafasi mbili tu, funga kichwa cha waya wa tatu kwa utepe usiopitisha umeme, uuache kando. Usiukate.

Wifi inaona wote isipokuwa mtandao wako

Baada ya hapo karte iliona mitandao ya majirani wote, lakini haikuona simu ya mpwa wangu, ambayo ndiyo intaneti yake ya kila siku. Hapo alianza kulia. Kumbe ilikuwa shida ndogo kuliko zote.

Wifi inatembea katika njia mbili kubwa: ya 2,4 GHz na ya 5 GHz. Simu za kisasa, zinaposhirikisha koneksio, mara nyingine zinachagua 5 GHz zenyewe. Karte za zamani zilizoandikwa b/g/n tu hazisikii njia hiyo hata kidogo. Ni lazima uone herufi a ao ac. Ingia katika mipangilio ya simu, mahali pa kushirikisha koneksio, badilisha iwe 2,4 GHz. Mtandao ukatokea palepale.

Kuna sababu nyingine mbili za namna hiyo. Katika 2,4 GHz, njia ndogo namba 12 na 13 zinaruhusiwa katika nchi nyingi lakini karte nyingi zilizotayarishwa kwa soko la Marekani hazizisikilizi. Kama ruta imechagua 13, karte hiyo haitaiona. Irudishe kwenye 1, 6 ao 11. Na kama mtandao unaonekana lakini unakataa neno la siri ulilolihakikisha mara tatu, angalia kama ruta ao simu haikuwekwa kwenye ulinzi wa WPA3 peke yake. Karte nyingi za zamani zinafahamu WPA2 tu.

Kama kila kitu kimeshindikana

Kuna njia ya mwisho, na kwa wengi ingepaswa kuwa ya kwanza: karte ndogo ya wifi ya kuchomeka katika tundu la USB. Haitaki turnevisi, orodha ya BIOS haiigusi, na ukinunua mashini nyingine unaondoka nayo. Ina ubaya wake: inachukua tundu moja, inatokeza nje na inaweza kuvunjika katika mfuko. Lakini kwa mwanafunzi mwenye majuma mawili mbele yake, ubaya huo si kitu.

Mbele ya kulipa, iwe karte ya ndani ao ya USB, fanya mapatano na muuzaji: aichomeke, mashini iwake, wifi ionekane ukiwa hatua ishirini kutoka kwenye ruta, na uifungue simu yako ndani yake. Kama anakataa kungoja dakika hizo, chukua pesa zako.

Na fundi akikuambia mashini imekufa, mwombe kwanza akuonyeshe mashini hiyohiyo bila karte mpya. Kama inaamka, haijafa. Dola makumi tatu za vipande hazirudishi mashini, na hazirudishi kazi iliyo ndani yake.

Mpwa wangu alitoa TFC yake siku mbili mbele ya tarehe. Mashini bado iko kwake. Karte ya kwanza, ile ya dola 12, fundi alikataa kuirudisha pesa, kwa hiyo tuliipeleka kwa yule mzee. Aliitia katika mashini ya kampuni nyingine iliyokuwa mezani pake. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Alimpa mpwa wangu dola 6, akaandika namba ya karte na jina la mashini ile katika daftari lake la kurasa zilizokunjamana, ambamo ameandika miaka mingi karte ipi inakubaliwa na mashini ipi.